Tunauza au Tunauzisha? Lugha ya Muuzaji Anayeanza Mtandaoni

Mwezi wa nane mwaka jana nilimwandikia mama mudogo wangu tangazo la Facebook. Anafanya biashara ya bikwembe katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Alikuwa amepokea zamu yake ya likelemba, dola 400, akaziweka zote katika mzigo uliotoka Kariakoo, Dar es Salaam. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mzigo uishe kabla shule hazijafunguliwa, alipe minerval ya watoto wawili walio sekondari, abaki na mtaji wa mzigo unaofuata. Mimi ni mtoto wa nyumba aliyesoma, tena aliyesoma lugha za Kiafrika. Nani mwingine angeandika?

Nilianza kwa Kifaransa, kile cha barua ya kuomba kazi: duka linaweka mbele ya wateja wake waheshimiwa aina mbalimbali za vitenge vya ubora wa juu. Kwa siku tatu watu wanne walibonyeza kidole cha kupenda, na wawili kati yao walikuwa wanafunzi wenzangu wa kitivo. Basi nikajiambia kwamba kosa ni Kifaransa, na dawa ninayo mimi mwenyewe. Nikaandika kwa Kiswahili bora: «Ndugu wateja, tunapenda kuwataarifu kwamba tunauza vitenge vipya vya kila aina kwa bei nafuu. Duka letu lipo Kenya. Nyote mnakaribishwa.» Nakiri kwamba nilijivunia ule upatanisho wa ngeli. Mama mudogo alitoa dola 60 ili tangazo lisambazwe kwa watu wa mji mzima.

Safari hii majibu yalikuja. Mtu mmoja wa Katuba, ambaye kutoka kwake hadi meza ya mama mudogo ni mwendo wa miguu, aliuliza gharama ya kusafirisha mzigo kutoka Nairobi. Mwingine alitaka kujua kama tunatuma kwa kupitia Mombasa. Mwanamke mmoja alituma picha tatu za bikwembe vyake mwenyewe, akauliza sisi tungetoa ngapi. Na kijana mmoja aliandika neno moja tu: wezi.

Sisi wa Lubumbashi tunajua Kenya ni wapi. Ni komini yetu, na ni soko letu. Lakini ukiandika «duka letu lipo Kenya» kwa Kiswahili cha redio ya ng'ambo, msomaji wa Katuba hasikii jirani akisema, anasikia mgeni. Sentensi nzima inampeleka Nairobi, na jina la komini linamthibitishia kwamba amefika. Yule wa Mombasa alisoma sawasawa kabisa. Na yule mama wa picha tatu alisoma vizuri kuliko wote, maana hapa kwetu wengi husema «kuuza» kwa mtu anayetoa pesa ili apate kitu, na anayetoa kitu ili apate pesa ndiye «anauzisha». Nilikuwa nimetangaza kwa mji mzima, kwa dola 60 za mama mudogo, kwamba tunanunua vitenge.

Jambo hili nimelisoma darasani. Nililiandika hata katika kazi ya mwaka wa pili, na mfano ukawekwa nyota. Halafu siku ya kuandika tangazo nikalisahau, kwa sababu nilikuwa naandika, na mtu wa kitivo chetu akishika kalamu huacha Kiswahili chake mlangoni.

Ndiyo maana nachukua kurasa hizi kusema habari ambayo kwa kawaida haisemwi katika jarida kama hili, yaani shauri kwa mtu anayeanza kuuza kwenye mitandao. (Katika makala hii «kuuza» ni kwa maana ya kamusi. Msomaji wa Kenya, nchi au komini, anisamehe.) Shauri langu ni moja, na mengine yote yanalifuata: kabla ya kuchagua jina, rangi na alama ya duka, chagua lugha, na iwe lugha ambayo mteja wako hutumia kuomba upunguze bei. Ndiyo lugha anayoiamini, kwa sababu ndiyo anayoitumia akilinda pesa yake.

Mashauri yanayotolewa mjini hayaanzii hapo. Baada ya lile tangazo nilimsindikiza mama mudogo kwenye mafunzo ya siku mbili kwa wanawake wafanyabiashara. Ukumbi ulijaa. Mkufunzi alikuwa mtu mwema na alijua kazi yake, ila kila kitu kilisemwa kwa Kifaransa: utambulisho wa duka, ukurasa, kuchapisha mara tatu kwa juma, alama za reli mbele ya maneno, kumjua mlengwa. Niliangalia daftari za akina mama waliokaa karibu nami. Walikuwa wakiandika kwa Kiswahili yale waliyosikia kwa Kifaransa, kila mmoja kwa tahajia yake, na wakati wa mapumziko, chini ya mwembe, ndipo mafunzo ya kweli yalipofanyika. Mmoja alieleza jinsi ya kupiga picha ya kitambaa asubuhi, nje, kabla jua halijawa kali, ili rangi isidanganye. Mwingine alionya kuhusu mtu anayetuma picha ya ujumbe wa malipo ya simu uliotengenezwa, na akaonyesha kwamba dawa ni kuangalia salio lako mwenyewe kabla ya kukunja kitambaa. Hakuna kati ya hayo yaliyokuwa kwenye karatasi tulizogawiwa.

Sisemi mafunzo yale yalikuwa mabaya. Nasema yanamfundisha muuzaji kuwa kampuni kabla hajawa muuzaji wa mtandaoni. Mama wa soko ana kitu ambacho kampuni hulipa pesa nyingi kukitafuta: watu wanamjua sauti. Akifungua ukurasa wenye jina la Kifaransa, picha ya mwanamke asiyemjua mtu, na salamu ya mashine, anatupa kile alichonacho ili apate kile ambacho kila mtu anacho.

Nitoe mfano mdogo. WhatsApp ya biashara, ile ya bure iliyotoka mwaka 2018, ina jibu linalojituma lenyewe usipokuwepo: asante kwa ujumbe wako, kwa sasa hatupatikani, tutakujibu mapema iwezekanavyo. Mimi ndiye niliyemwekea mama mudogo jibu hilo, kwa Kifaransa, nikidhani namsaidia. Siku ya pili mteja wake wa miaka, mama mmoja wa Kamalondo, alipiga simu. Hakuuliza habari ya bikwembe. Aliuliza, «Sasa wewe ulisha kukamata sekretere?» Alicheka, lakini nilisikia ndani ya kicheko kwamba kidogo ameumia. Alikuwa amemsalimia mtu, akajibiwa na ofisi.

Tulilifuta. Mahali pake mama mudogo alisema maneno yake mwenyewe, nami nikayaandika bila kunyoosha kitu: «Mama, niko ku soko, simu iko mu kikapu. Nitakujibu mangaribi.» Mteja anajua yuko wapi, anajua kwa nini hajibu, na anajua saa. Ukiipeleka sentensi hiyo katika somo la sarufi itarudi na wino mwekundu mwingi, lakini jibu la Kifaransa halikuwa na hata moja ya habari hizo tatu.

Sasa nije kwa bei, kwa sababu hapo ndipo naona wauzaji wengi wanaoanza wanapojifunga kamba. Tazama kurasa za mji huu: picha nzuri, na chini yake «prix en inbox». Dar es Salaam nako wanaandika vivyo hivyo, bei inbox. Nimeuliza kwa nini, na sababu ninazopewa si za kijinga. Jirani asione bei yangu akapunguza yake. Bei inategemea mtu. Dola na franka hazitulii, nikiandika leo kesho nitakuwa mwongo.

Lakini tutazame namna mauzo yanavyosemwa sokoni, kama tunavyotazama mazungumzo yoyote darasani. Mteja anasalimia. Muuzaji anajibu na kumkaribisha. Mteja anagusa kitambaa, anauliza ngapi. Muuzaji anataja bei ya kwanza, na anaitaja kwa sauti. Jirani anasikia, na mteja wa pili aliyesimama nyuma naye anasikia. Mteja wa kwanza anasema «unipunguzieko», na ile -ko ya mwisho inafanya kazi kubwa: inageuza amri kuwa ombi, inasema sisi ni watu wa mahali pamoja, usinitendee kama mpita njia. Muuzaji anashuka kidogo au anakataa kwa mzaha. Yule wa pili amejifunza yote bila kuuliza, na akifika zamu yake hana hofu. Soko lina siri nyingi, ila bei ya kwanza si mojawapo. Bei ya kwanza ndiyo karibu.

Muuzaji anayesema bei sirini amemfukuza yule wa pili. Mtandaoni yule wa pili ndiye wengi: anayepita, anayesoma, asiyeandika kitu. Kumwambia aingie chumbani kuuliza bei ni kumtaka ajitambulishe kabla hajajua kama ana uwezo, na mtu mwenye dola nane mfukoni haingii chumba cha mtu akaaibishwe. Andika bei. Andika kwa dola kama unaogopa mabadiliko ya franka, na useme kwamba franka inahesabiwa kwa kiwango cha siku ya kulipa. Acha nafasi ya kushuka, kama unavyoiacha sokoni, na mtu akiomba upunguze mbele ya watu, jibu mbele ya watu. Mama mudogo alipoanza kufanya hivyo, mazungumzo ya kupunguza bei yakawa ndiyo tangazo lenyewe. Watu walikuja kuona nani atashinda.

Kuhusu jirani atakayeiga bei: meza yake iko hatua nne kutoka kwako, na bei yako aliijua jana.

Kuna jambo la kiufundi ambalo mkufunzi hakulitaja na ambalo lingetuokolea zile dola 60. Katika WhatsApp, picha unazoweka kwenye «statut» zinakaa saa 24 tu, na zinaonekana na watu ambao namba zao unazo na ambao nao wamehifadhi namba yako, wote wawili, si mmoja. Ujumbe unaotumwa kwa orodha ya wengi, ambayo mwisho wake ni watu 256, nao haufiki kwa asiyekuwa na namba yako kwenye simu yake. Kwa hiyo mteja anayetoka kwenye meza yako bila kuhifadhi namba hayupo, hata kama alikupa yake kwa furaha. Mama mudogo alikuwa na daftari la madeni lenye majina 63. Pale pana watu 63 wanaomjua, waliowahi kuvaa kitu chake, na baadhi yao wanaomwogopa kidogo kwa sababu ya deni. Sisi tulikuwa tumelipa ili tuonekane na maelfu ambao hawamjui, huku wale 63 hawaoni kitu.

Alichukua siku nne kuwapigia au kuwatumia sauti: shika namba yangu, iandike jina, kila Jumatano nitaonyesha mzigo. Hakuna aliyemfundisha hili. Aliuliza kwa nini dada yake haoni picha zake, nikamweleza kanuni ya namba mbili, akanyamaza kidogo, kisha akaomba daftari.

Sauti, naam. Nadhani hapa ndipo sisi wa isimu tuna la kusema. Sentensi zangu zote mbili, ya Kifaransa na ya Kiswahili bora, ziliandikwa ili zionwe. Mama mudogo alipochoka nami alishika simu, akabonyeza kipaza sauti, akasema kwa pumzi moja hivi: «Ba mama, bikwembe bilisha kufika. Niko ku Kenya, ndani ya soko, pembeni ya bale banauzisha bitoyo. Moya ni dola kumi na mbili. Donc, ukikuya mapema njo utachagula muzuri.» Sekunde kumi na tano. Hakuna anayeweza kuuliza kuhusu Nairobi. Mahali pametajwa kwa harufu ya samaki, na kila mtu anayelijua soko lile amekwisha kufika kwa pua.

Angalieni ile «donc». Mwalimu wa lugha ataiita uchafu wa Kifaransa. Vincent de Rooij, katika kazi yake ya mwaka 1996 juu ya mazungumzo ya Kiswahili na Kifaransa ya Shaba, alionyesha kwamba maneno ya aina hii, donc, mais, alors, bon, hayamwagwi ovyo. Yanatenganisha sehemu za usemi, na yanafanya kazi hiyo vizuri hasa kwa sababu ni ya lugha nyingine na yanasikika kama kugonga meza. Kabla ya «donc» mama mudogo anatoa habari, baada yake anamvuta mtu. Kampuni hulipa watu waandike mwito kama huo, na yeye ameupata kwa kontinyu moja ya Kifaransa na «njo» moja ya kukazia.

Tena si jambo jipya katika mji huu. Mnamo 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa niaba ya waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani wa Wazungu, kwa Kiswahili cha mji, bila tahajia ya shule. Johannes Fabian alipoitoa kwa wasomaji mwaka 1990 alilazimika kwanza kupata mtu wa hapa aisome kwa sauti, kwa sababu kwa macho tu mipaka ya maneno na sentensi haikukaa sawa. Maandishi yale yalikuwa yanangoja mdomo. Nikisoma matangazo ya akina mama wetu kwenye simu, yale tunayoyacheka kwenye makundi ya wanafunzi, naona mkono ule ule. Yasome kwa sauti, na «nakujauzisha» na «bikobya» yataachana yenyewe na kuwa maneno. Mteja hana shida nayo, kwa sababu huwa anayasoma midomo ikicheza. Mwenye shida ni sisi.

Hata hivyo, sauti peke yake haitoshi, na hapa namshauri muuzaji asifuate mapenzi yangu ya mazungumzo. Sauti haitafutwi kwa neno. Mtu anayekumbuka kwamba kuna mama anauza kitenge cha bluu cha dola 12 hawezi kuipata kwenye simu yake kama bei na rangi vilisemwa tu. Pia kuna wateja wanaofungua simu kazini, au ndani ya basi, ambao hawawezi kuisikiliza mbele ya watu. Basi namba na majina yaandikwe: bei, mita, mahali, siku, saa. Kuvuta, kusalimia na kutania kuachiwe sauti. Mama mudogo huandika mstari mmoja chini ya picha na kusema mengine. Mstari ule haupaswi kuwa na Kiswahili bora wala kibovu, kwa kuwa karibu wote ni tarakimu.

Najua nitakachoambiwa kwenye korido. Mwalimu mmoja ninayemheshimu amekwisha kuniambia: kama ninyi mnaosoma Kiswahili mtawapigia makofi watu wanaoandika «muzuri», nani atakilinda? Nalichukua swali hili kwa uzito. Naandika makala hii kwa Kiswahili bora kwa sababu nakipenda, na kwa sababu mwenzangu wa Bukavu au wa Dar es Salaam ataisoma bila kuhitaji mkalimani. Katiba yetu ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa bila kusema kipi kati ya Viswahili vyetu, na kila mmoja wetu hujaza pengo hilo kwa kile alichokulia au kile alichofundishwa. Lakini Kiswahili bora hakilindwi kwa kukitumia mahali ambapo kitamfanya mama wa soko aonekane tapeli. Kila mara tunapokilazimisha hivyo, tunawafundisha watu kwamba ni lugha ya mbali, ya kanisa na ya wageni, na isiyohusika na pesa yao.

Kuna mahali ambapo mama mudogo anakihitaji sana, tena kuliko Kifaransa. Mwanzoni mwa mwaka alituma ujumbe kwa muuzaji wake wa Kariakoo: nataka kuuza pisi arobaini. Yule bwana akajibu kwa adabu zote kwamba asante, yeye kwa sasa hanunui. Wakazunguka hivyo siku mbili, na muda huo kitambaa alichokitaka kilichukuliwa na mtu wa Tunduma. Hilo ni kosa langu lile lile, limegeuzwa, na safari hii elimu yangu ilifaa. Nilikaa naye jioni moja tukaandika maneno ishirini ya kuagizia: kununua, jumla, rejareja, risiti, mzigo umeondoka lini, umefika Nakonde au bado. Ameyabandika nyuma ya mlango. Akizungumza na Dar anasimama karibu na mlango.

Na Kifaransa kina kazi yake. Shule iliyotaka vitambaa vya sherehe ya mwisho wa mwaka ilidai fakture, na fakture haikuandikwa kwa njo na donc. Muuzaji anayeanza asione aibu kuwa na midomo mitatu. Aibu ni kufungua mdomo wa fakture mbele ya mtu anayeomba kupunguziwa dola moja.

Mengine nayapitia haraka, maana hayahitaji mwanaisimu. Anza na mtandao mmoja, ule ambao wateja wako tayari wanalipia mega zake. Usinunue wafuasi, hawavai. Usiombe malipo ya simu kabla mtu hajaona kitu, hata kama wewe ni mwaminifu, kwa kuwa matapeli nao huanza kwa kuomba hivyo. Mtu akikuomba umtumie kijana wa pikipiki na mzigo, nauli isemwe mwanzoni, si mlangoni. Ukikosea bei, rekebisha waziwazi na useme umekosea.

Nimalizie hesabu niliyoianza. Mzigo wa mwezi wa nane uliisha mwezi wa kumi na moja, si kabla ya shule. Minerval ililipwa mara mbili, na binamu yangu mdogo alirudishwa nyumbani siku tisa. Siku hizo tisa alikuwa anakaa chini ya meza ya mama yake sokoni, na mimi nikipita kwenda darasani sikupenda kupitia upande ule. Sitasema zote zilitokana na sentensi zangu mbili. Mvua na kiwango cha dola vilichangia. Lakini dola 60 zilikuwa karibu sana na sehemu ya kwanza ya minerval, na zilikwenda kuwaambia watu wa Katuba kwamba mama mudogo yuko Nairobi.

Ndiyo sababu nina ombi kwa kitivo. Kila mwaka tunatoka kwenda kukusanya maneno: tunarekodi, tunanukuu, tunarudi, na waliotupa maneno hawatuoni tena. Naomba siku moja kwa kila muhula tukae sokoni na meza yetu. Mama mwenye simu aje aseme tangazo lake, tumnukulie kama alivyolisema, tumwandikie bei na mahali kwa mstari mmoja unaosomeka. Anayeagiza Dar aondoke na maneno yake ishirini, na anayetakiwa fakture aondoke na mfano wa Kifaransa. Sisi tukipewa ruhusa tutabaki na sauti za kuchambua, na akikataa kurekodiwa apate msaada vile vile. Meza na viti tunavyo. Kinachobaki ni walimu wakubali ihesabiwe kama kazi ya uwandani, vinginevyo tutakuja watatu tu.

Nimemuuliza mama mudogo kama atatupa nafasi karibu na meza yake. Amekubali, ila si Jumamosi. Jumamosi kuna watu wengi, na hataki tusimame mbele ya bikwembe.